Yah: Madai ya kurudishiwa amana ya gari-nyumba tulilokodi kwenu kwa safari ya Oregon, Marekani

Tanga,
16 Januari 2023

Kwa Meneja,
Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nimeipata barua pepe yenu ya juzi, kwamba kampuni ya Portland yenye gari lile imekata dola 750 za amana yetu kwa kuwa "mteja alimaliza betri kwa matumizi mabaya", na kwamba suala hili limefungwa. Mmelifunga ninyi, mimi bado. Tena hiyo kampuni ya Portland mimi siijui. Gari nilikodi kwenu, nimeketi mbele ya meza yenu, na risiti yenye mhuri wenu ninayo mpaka leo.

Mnakumbuka tulikuja mimi na mume wangu mwezi wa Septemba. Tulikuwa tunakwenda kumwona binti yetu, tukasema tukifika huko tupate siku saba zetu wawili tu, tushuke na pwani ya Oregon tukilala kwenye hifadhi za jimbo: Fort Stevens, Beverly Beach, Honeyman, tumalizie Harris Beach karibu na mpaka wa California. Nikauliza habari ya baridi. Kijana wenu akanijibu, "Pwani ni pwani tu, mama, na gari lina hita." Nikacheka, nikalipa. Hakuniambia kwamba Desemba kule mvua hainyeshi ikaisha, wala kwamba saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Hayo nayasamehe, ningeweza kumuuliza binti yangu. La hita silisamehi.

Tulilichukua gari tarehe 26 Desemba. Kutoka Portland hadi Fort Stevens, pale Mto Columbia unapoingia baharini, ni kama saa mbili. Tukafika, tukachomeka waya wa gari kwenye nguzo yenye soketi ya umeme ya kiwanja chetu cha kambi, hita ikawaka vizuri, tukala wali wetu, tukalala. Saa saba usiku nikaamshwa na mlio: pii, kimya, pii. Hita imezima. Taa za ndani zimefifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Lakini birika la umeme ukilichomeka linachemsha maji!

Mume wangu ni fundi umeme mstaafu, na mita yake ya kupimia haachi nyumbani hata akienda harusini. Akaamka, akafungua kifuniko cha betri, akapima: volti 11.2. Asubuhi akapima tena: 10.4, na muda wote huo waya uko kwenye nguzo. Naomba mtu wenu wa ufundi aisome sentensi hiyo mara mbili. Hita ya gari lile inachoma gesi, lakini feni yake na kile kibao kinachoiwasha vinatumia umeme wa betri, volti 12. Gari likichomekwa kwenye nguzo, kuna kifaa ndani, konveta, kinachogeuza umeme wa nguzo na kuichaji betri. Kikiwa kizima, mita inasoma juu ya 13. Yetu ilikuwa inashuka. Konveta ilikuwa imekufa kabla hatujakabidhiwa funguo, na hakuna matumizi mazuri wala mabaya ambayo yangeifufua.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike kwa hasira. Usiku uleule niliwapigia simu. Kwenu ilikuwa saa sita mchana, kwa hiyo sikumkatiza mtu usingizi. Mhudumu wenu alinisikiliza, akanishauri hivi: "Washeni jiko la gesi, mama, mtapata joto mpaka asubuhi."

Pembeni ya jiko lile kuna kibandiko kinachokataza kulitumia kupasha joto chumbani. Na ule mlio ulioniamsha ulitoka kwenye kile kifaa kinachonusa gesi na hewa ya sumu. Chenyewe kinatumia betri ileile, kilikuwa kinalia kwa sababu kinakata roho. Kwa hiyo mlitushauri tujifungie kwenye chumba kidogo, madirisha yamebanwa kwa baridi, moto unawaka, na mlinzi wetu anakwenda kuzimika. Hapa kwetu mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba halali mtu na jiko la mkaa ndani. Sikufuata ushauri wenu. Tulivaa kila nguo iliyokuwa kwenye begi, pamoja na kanga nne nilizompelekea binti yangu zawadi, tukakaa macho hadi kulipokucha.

Tarehe 27 ikaja dhoruba. Asubuhi tulikuwa tumewahi kwenda kuona mabaki ya Peter Iredale, meli iliyokwama mchangani pale mwaka 1906, mbavu zake za chuma bado zimesimama. Nashukuru tuliwahi, maana baadaye upepo ulikuwa unalitikisa gari zima, na jioni umeme wa nguzo nao ukakatika. Mume wangu akawa anawasha injini kila baada ya muda ili alternata, ile mashine ya injini inayozalisha umeme, iipe betri nguvu kidogo, hita iwake, izime tena. Mwanamume wa miaka 66, usiku kucha.

Kesho yake tuliteremka hadi Beverly Beach. Hapo nikiri kwamba tulipata siku moja njema. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alitujazia mwenyewe kama Tanzania, sheria yao mwaka huo wa 2022 ilikuwa hiyo. Tulinunua hita ndogo ya umeme kwa dola 38, risiti nimeambatanisha. Kisha tukaona nyangumi wa kijivu wakipita kuelekea kusini, Mexico, wanakokwenda kuzaa. Mume wangu aliona wawili, mimi naapa niliona watatu. Lakini usiku taa za ndani zilizima tena, kile kifaa kikaanza kulia tena, na tarehe 30 tukakubaliana turudi. Honeyman hatukulala, Harris Beach hatukuiona.

Kampuni inasema ilikagua gari tulipolirudisha na hita iliwaka. Ni kweli, nilikuwepo. Iliwaka kwa sababu tulikuwa tumetoka kuendesha karibu saa tatu, na betri ilikuwa imejazwa na injini. Ndiyo sababu hata siku ya kwanza iliwaka. Mume wangu alimwambia yule mkaguzi: zima injini, chomeka kwenye nguzo, pima sasa hivi, halafu pima kesho asubuhi. Akatabasamu, akatia tiki kwenye karatasi yake. Kama gari bado liko uwanjani kwao, kipimo hicho ni cha usiku mmoja tu. Waambieni wakifanye.

Ninachodai ni hiki: amana yote ya dola 750, gharama ya usiku tatu ambazo hatukulitumia gari kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba wetu, na dola 38 za hita, ambayo nimewaachia kwenye kabati chini ya sinki. Pesa ziingie kwenye akaunti ileile tuliyolipia, kabla ya tarehe 15 Februari. Zaidi ya hapo nataka jibu la maandishi kutoka kwako wewe Meneja, si kwa mhudumu wa simu, kuhusu ule ushauri wa kuwasha jiko: mmeufuta, au bado mnawapa wateja?

Nimeambatanisha picha nne za mita zikionyesha tarehe na saa, picha ya kibandiko cha jiko, na nakala ya risiti yenu. Picha ya nyangumi mume wangu amesisitiza niiweke pia. Hiyo hamlazimiki kuijibu.

Wako,
Mteja wenu
(jina na sahihi viko kwenye mkataba)