MALALAMIKO: Ziara ya "praiveti" ya Efeso ambayo haikuwa praiveti

Kwa meneja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile ziara ya magofu ya mji wa kale wa Efeso mliyotuuzia pamoja na safari ya meli ya kutokea Ugiriki, ile siku meli ilivyosimama Kuşadası kule Uturuki. Nilishaongea na kijana wenu wa mapokezi kwenye simu akaniambia niandike, sasa ndo naandika, na naomba isomwe na meneja mwenyewe isije ikaishia kwenye wasap ya ofisi.

Ninachotaka nakisema hapahapa juu ili mtu asihangaike kukitafuta: nataka nirudishiwe hela. Sio yote. Meli ilikuwa nzuri, vyumba visafi, chakula mpaka mama akaanza kugombana na wahudumu kwamba wanampakulia mno. Hiyo sina neno. Shida ni ile siku moja na zile dola 520 tulizolipa juu ya hela ya meli kwa ajili ya gari letu na muongozaji wetu, watu wanne tu, mimi, mke wangu, mama yangu na mama mkwe.

Na mnajua kwanini tulichukua praiveti maana mke wangu alikuja ofisini kwenu akakaa na yule dada wa meza ya mbele akamweleza taratibu. Mama ana magoti, hawezi mwendo wa haraka wala kupanda sana. Yule dada akaandika kwa mkono wake kwenye vocha: geti la juu, wazee, polepole. Vocha ninayo, nimeipiga picha, nimeiambatanisha. Meli yenyewe ilikuwa na ziara zake za basi, bei ya chini kabisa ukilinganisha na yenu, na zina uzuri wake, basi la meli likichelewa meli inalisubiri, ila ukishuka na gari la mtu wa nje ukachelewa hilo ni lako, unabaki bandarini unaangalia meli inaondoka na nguo zako. Tulijua hilo na bado tukalipa kwenu, kwa sababu basi la watu arobaini halimsubiri bibi ashuke ngazi.

Halafu wazee wenyewe kila mmoja alikuwa na lake. Mama ni wa Machame, mzee wa kanisa la Kilutheri, KKKT, Matendo ya Mitume sura ya 19, ile ya Paulo akiwa Efeso, anaisema bila kitabu. Mama mkwe ni wa Kibosho, Mkatoliki, yeye Efeso maana yake ni Nyumba ya Mama Maria, wanayoamini aliishi humo, kule mlimani juu ya mji wa Selçuk, walikoenda kusali mapapa, Paulo wa Sita mwaka 1967, Yohane Paulo wa Pili 1979, Benedikto wa Kumi na Sita 2006. Alibeba vichupa vya wenzake wa jumuiya awaletee maji ya ile chemchemi. Hiyo nyumba ipo kwenye ratiba yenu ukurasa wa pili, sijaitunga mimi.

Sasa siku yenyewe. Vocha inasema gari saa 2 asubuhi nje ya geti la bandari. Tukasimama pale na kibao hatukioni, jua linapanda, saa 3 kasoro dakika kumi ndo linakuja gari, na ndani kuna watu wawili, mzungu na mke wake wa meli nyingine, nao wana vocha ya praiveti! Tukaangaliana tu. Yule mzee wa kizungu akacheka akaniambia na yeye amelipa awe peke yake. Kwa hiyo sisi tulikuwa joini, yaani wa kuchangia gari, na wao joini, ila bei kila mtu kalipa ya praiveti. Dereva hana maelezo, Kiingereza chake ni "no problem" basi.

Nikadhani tunaenda Efeso. Tukaenda kwenye mazulia.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu nafikiri hamkujua mnamuuzia nani. Mimi ni dereva wa safari hapahapa Arusha, kazi yangu ni kupeleka wageni Serengeti na Ngorongoro, na hayo mambo ya duka nayajua yalivyo. Duka la tanzanaiti najua dereva anapata nini, duka la vinyago najua, teni pasenti sio siri hapa mjini. Hata mimi nikipita Mto wa Mbu nasimama, mgeni anachimba dawa, ananyoosha mguu, akitaka kununua anunue. Lakini mgeni unamuuliza kwanza, na akisema twende tunaenda, na husimami asubuhi kabla ya mbuga, unasimama njiani wakati ambao hata hivyo lazima usimame. Kumtoa mtu bandarini ana masaa machache ya kuona kitu kimoja maishani mwake ukampeleka moja kwa moja kwenye zulia, hiyo hata sisi tunamsema mtu anayefanya hivyo.

Kiukweli kazi ya mazulia yenyewe inavutia, siwezi kudanganya, wanakuonyesha hariri inavyovutwa kwenye maji ya moto kutoka kwenye vifuko vya wale wadudu, wanakupa chai ya tufaha, vijana wanarusha mazulia sakafuni moja juu ya jingine mpaka chumba kinajaa. Mama mkwe alifurahi dakika ishirini za kwanza. Ila baadae mlango ukafungwa, kila mmoja wetu akapata muuzaji wake, mimi nikaulizwa nyumba yangu ina vyumba vingapi, mke wangu akapelekwa chumba cha pembeni, zulia la dola 3,000 likashuka mpaka 1,400 bila sisi kusema neno. Tulivyotoka saa 5 ilikuwa inakaribia na ile baridi ya asubuhi ambayo ndo ilikuwa ya mama kutembea imeshaisha.

Efeso tukashushwa geti la chini. Nyie mnaouza hii ziara sijui kama kuna aliyefika pale, basi niwaeleze. Ule mji uko kwenye mteremko. Ukiingia geti la juu unashuka na barabara ya mawe, unapita hekalu la Hadriani, unafika Maktaba ya Celsus, halafu ule ukumbi mkubwa wa maonyesho, unatokea chini na gari linakusubiri hapo, unakuwa hujarudi nyuma hata hatua moja. Hiyo ndo njia ya wazee, na kila kampuni inayojali inawaingiza watu huko juu. Ukiingia chini unaupanda mji mzima kwenye jua, kivuli hakuna, mawe ni marumaru yaliyosuguliwa na miguu ya watu miaka na miaka yanateleza, na ukifika juu unageuka unashuka tena kufuata gari. Nikamuuliza dereva kwanini chini, akaonyesha saa. Kumbe geti la chini ndo karibu na duka la pili, hilo nilikuja kulielewa baadae.

Muongozaji tukamkuta hapo getini. Kijana mdogo, mpole, simlaumu sana. Ila hakuwa na kitambulisho. Uturuki muongoza watalii anatakiwa awe na leseni ya serikali na kadi anaivaa shingoni, tuliwaona wenzake wote wamevaa. Wetu akatuambia tukiulizwa tuseme ni rafiki yetu. Jamani! Mimi nikiingia geti la Loduare kule Ngorongoro na mgeni bila vibali vyangu sipiti, na nyie mmetuuzia mtu wa kujificha. Kila akiona mkaguzi anatembea mbele yetu kama hatujui, tunabaki tunasoma vibao wenyewe.

Mama alipanda mpaka maktaba, ile sura yake ya mbele ambayo wataalamu waliisimamisha tena miaka ya 1970 kutoka kwenye mawe yaliyoanguka. Akakaa kwenye ngazi akasema mimi nimefika hapa panatosha. Kwa hiyo huko juu kote hakukuona. Mke wangu alitaka zile nyumba za matajiri za kale zilizojengewa paa, zina sakafu za mozaiki na kuta zilizochorwa, zina tiketi yake ya pembeni na ratiba yenu imeandika imelipiwa. Kijana akasema leo zimefungwa. Watu tunawaona wanaingia.

Kwenye ukumbi mkubwa, ule wanaosema uliingiza watu elfu 25 hivi, kijana akaanza, hapa ndipo Paulo alisimama akahubiri umati mzima. Mama akamkatiza hapohapo, mke wangu akawa anatafsiri. Paulo alitaka kuingia, wanafunzi wakamzuia, waliokokotwa humu ndani ni Gayo na Aristarko, na waliokuwa wanapiga kelele ni watu wa Demetrio mfua fedha, muda wa saa mbili nzima "Artemi wa Waefeso ni mkuu", kwa sababu biashara yao ya vihekalu vya fedha ilikuwa inakufa. Kijana akanyamaza. Wale wazungu wakamgeukia mama, wakawa wanamuuliza yeye maswali, na akawajibu mpaka darasa la Tirano alikofundishia Paulo. Kwa hiyo ile nusu saa nzuri kuliko zote tuliipata kwa mama yangu, na hakulipwa.

Kutoka pale ukumbini unaona ile barabara ndefu iliyokuwa inaenda bandarini, sasa hivi mwisho wake ni majani matupu, mto ulijaza tope bahari ikasogea mbali. Ingekuwa bado ipo meli ingetushusha mlangoni na mambo ya gari lenu yasingetuhusu.

Saa 6 na nusu tukatolewa. Nikajua sasa ni kwa Mama Maria. Tukaenda kwenye makoti ya ngozi, tena kuna mabinti wanapita na makoti muziki unapigwa, joto la mwezi wa saba, mama mkwe amekaa na mkoba wake wa vichupa magotini. Halafu chakula, hoteli ya ndugu yake dereva. Hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya kale, imebaki nguzo moja imesimama, tulilipita na gari linatembea, dereva akanyoosha kidole. Nilipomuuliza nyumba ya mlimani akasema "no time". Muda wa mwisho wa kurudi melini ulikuwa saa 9 na nusu, ratiba yenu inasema mtaturudisha saa 8, tumefika bandarini saa 9 na dakika kumi, mama anakimbizwa kwa magoti yaleyale, mke wangu amemshika huku mimi nimeshika viatu vyake. Namba yenu ya dharura nilipiga nikiwa kwenye yale makoti, ikaita mpaka ikakata.

Mama mkwe hajasema kitu mpaka leo na hiyo ndo inayoniuma. Vichupa alivirudisha Kibosho vitupu akawaambia wenzake kule maji yalikuwa yamefungwa. Amewadanganya kwa ajili yenu, kuficha aibu isiyo yake.

Jibu mlilonipa kwenye simu ni kwamba mtatupa ofa ya siku moja kwenye chemchemi za Chemka pamoja na lanchi boksi. Chemka naenda kwa bodaboda kutoka Boma Ng'ombe, sihitaji ofa. Na lile la pili, kwamba kule Uturuki ni kampuni nyingine nyie mnauza tu, hilo msirudie. Hela nimelipa kwenu, risiti ina muhuri wenu, jina la hiyo kampuni nyingine halipo popote kwenye karatasi yangu. Mgeni wangu akilala hema bovu Serengeti hanitafutii mwenye hema, ananitafuta mimi.

Ninachodai ni tofauti ya bei ya praiveti na ya kuchangia, kwa bei zenu wenyewe mlizonitumia ni dola 260. Pia tiketi ya zile nyumba za matajiri kwa watu wanne na kiingilio cha Nyumba ya Mama Maria kwa watu wanne, vyote mmeandika vimelipiwa, kwa hiyo mnazo bei, nirudishieni kama zilivyo. Chakula na mazulia achaneni navyo. Na nataka barua, sio meseji, barua yenye muhuri imeandikwa kwa jina la mama mkwe, kwa Kiswahili, inayosema nyie ndo hamkumfikisha.

Hela itumwe kwenye namba ileile tuliyolipia. Wiki ijayo natoka porini Jumanne, Jumatano asubuhi nitakuja ofisini na vocha halisi na risiti. Msimtoe yule dada wa meza ya mbele aje kujibu, yeye aliandika vizuri. Nataka kuonana na aliyepokea ile vocha kutoka kwake akaituma Uturuki bila yale maneno matatu.

Mteja wenu,
Mkazi wa Sakina, Arusha