Nimuageje Hajati bila kuvunja undugu?

Shangazi, salamu nyingi kutoka Busia, upande wa Uganda.

Nina miaka 27. Kwa miaka minne nimeuza katika duka la jumla karibu na mpaka: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia. Wateja wetu wengi huvuka kutoka Kenya. Mwenye duka tunamwita Hajati. Nilipofika sikujua hata kufunga hesabu ya siku. Yeye ndiye aliyekaa nami jioni baada ya jioni mpaka nikaweza. Baba alipofariki, alifunga duka akaja matangani. Leo funguo na daftari la madeni viko mikononi mwangu.

Sasa nimepata kazi ya ukeshia katika supamaketi huko Tororo, nyumbani kwa mama yangu, ambaye ni mgonjwa na hana wa kumwangalia usiku. Kwenda nitakwenda. Kinachoninyima usingizi ni namna ya kuaga.

Sheria ya ajira ya mwaka 2006 inamtaka aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja, ila hajafikisha mitano, atoe notisi ya mwezi mzima. Tororo wananitaka baada ya wiki tatu. Niwaombe wanisubiri, au nimwombe Hajati anisamehe hiyo wiki? Naona aibu, baada ya wema wote huo, kuanza kwa kuomba.

Dada mmoja aliyenitangulia alipokea mshahara Jumamosi, Jumatatu hakuonekana, simu akazima. Hadi leo Hajati akimtaja, sauti inambadilika. Mwingine aliaga vizuri lakini hakukabidhi kwa kuhesabu. Mwezi uliofuata ikasemwa kuna pesa za wadeni hazionekani, naye hakuwa na karatasi ya kujitetea. Mimi nataka tuhesabu mali pamoja, tupitie daftari mdeni kwa mdeni, sote tutie sahihi. Lakini nikilitaja, hatadhani simwamini? Na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yangu nikikiomba, nimwombe lini?

Shangazi, nizungumze naye kwanza jioni tukishafunga, barua ifuate, au nimkabidhi barua moja kwa moja? Na akisema ataniongeza mshahara, nimjibu nini asione kwamba nilikuwa napima bei? Jumamosi hii tunalipwa, na sitaki nimwambie siku hiyo. Tafadhali nijibu kabla yake.

Mwanao, Busia