YAH: Malalamiko kuhusu umbali na muda wa safari ya Pemba–Muscat kwenye tovuti yenu

Wete, Pemba

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Asalaam aleikum.

Nilimkatia shangazi yangu tiketi ya kwenda Muscat kupitia tovuti yenu. Ukurasa uliandika kwamba Pemba hadi Muscat ni kilomita 3,780, safari ya saa 4 na dakika 45. Umbali huo ni sawa ukiweka rula juu ya ramani. Lakini hakuna ndege inayoondoka Chake Chake kwenda Oman! Abiria wa Pemba hushuka kwanza kusini hadi Unguja, kilomita kama 125, yaani anaipa Oman mgongo, ndipo aanze safari nyengine ya kilomita 3,900 hivi, ambayo peke yake hupita saa tano angani.

Hilo la ramani ningelivumilia. Lililotuumiza ni kipande cha Pemba–Unguja, mlichokiandikia dakika 10. Nimepiga hesabu nikaona mlikoitoa: mmegawa kilomita 125 kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kilomita 800 kwa saa. Njia hii inarukwa na vindege vya panga boi vya abiria kumi na kitu, ambavyo mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Ukiongeza kupanda, kushuka na kuzunguka kutafuta njia ya kutua, ni nusu saa. Mtoto yeyote wa Pemba aliyewahi kupanda angewaambia.

Kwa dakika zenu hizo kumi, mfumo ukampangia shangazi aondoke Pemba saa 7:00 mchana na kuunganisha na ndege ya Muscat ya saa 8:40. Kindege kiliondoka kwa wakati, kikatua saa 7:35. Akasubiri mzigo, kisha akahamia Jengo la Tatu, maana ndege ndogo hazishushii huko. Kaunta ilikuwa imefungwa saa 7:40, saa moja kabla ya kuruka kama ilivyo kawaida. Mama wa miaka sabini akabaki amekaa juu ya sanduku lake. Na kwa kuwa mlituuzia tiketi mbili zisizofungamana, shirika la ndege lilisema halihusiki, na kweli halihusiki. Mnaohusika ni nyinyi.

Tulinunua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo nyote mnajua ilivyo. Hata hiyo, saa ya kutua mliiandika bila kuongeza saa moja ambayo Oman imetutangulia, mwanawe akaja uwanjani mapema kumngojea.

Nilipowapigia, kijana wenu alinijibu kwamba muda ule ni “wa makadirio”. Makadirio hayapangiwi safari ya kuunganisha.

Nataka mnirejeshee thamani ya tiketi ya Muscat iliyopotea pamoja na tofauti ya bei ya ile mpya. Risiti zote nimeziambatanisha. Pia muondoe muda huo kwenye njia za Pemba na muweke ule wa ratiba za mashirika yenyewe, na mfumo usikubali kuunganisha Unguja kwa chini ya saa tatu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wenu,
Mteja, Wete