Shukrani kwa nesi wa vitumbua, Mbagala

Dada yangu anauza vitumbua. Redio ikitaja saratani, anabadilisha stesheni. Vipeperushi vya kliniki anafungia vitumbua (angalau vinapata kazi). Tulishamsihi nyumbani akapimwe saratani ya mlango wa kizazi, mpaka tukachoka.

Kuna nesi mmoja, mteja wake wa asubuhi. Huyu hakumhubiria. Alimuuliza tu, "Dada, unaogopa nini hasa?" Dada akasema jirani yetu alipimwa, akafa. Nesi akamweleza polepole kwamba jirani alikwenda akiwa ameshaanza kutokwa damu, ilhali kipimo hiki ni cha mtu asiye na dalili: wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye mabadiliko panageuka peupe, na majibu unapewa hapohapo. Akampa siku ambayo mpimaji angekuwa mwanamke.

Siku hiyo alimngoja getini, akamwingiza mwenyewe, akaketi na beseni la vitumbua nje ya mlango. Kaviuza pia, nasikia!

Walikuta weupe. Siyo saratani, ila mabadiliko ambayo yakiachwa miaka huweza kuwa saratani. Wakapaunguza kwa joto siku ileile, bila malipo. Atarudi kuangaliwa baada ya mwaka.

Nesi, jina lako silitaji kwa kuwa umekataa, lakini watu wajue. Na wenye ndugu kama dada yangu, acheni kuwatumia video za kutisha. Waulizeni wanaogopa nini, kisha muwasindikize.