Hedi uikaze upya kabla ya Ijumaa

Mwanangu Zawadi,

Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Mdogo wako kaniambia Ijumaa unaishusha Land Rover kuja Dar, utarudi Iringa na mzigo, na kwamba injini imeshatembea kilomita 900 tangu uifunge. Nikamuuliza: hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, amekaza upya? Hajui. Tangu jana silali.

Umeshusha injini nzima peke yako na ikawaka, mafundi wa hapa Morogoro wananipa hongera mimi. Lakini kuwaka si kumaliza kazi. Gasketi mpya iliyo chini ya hedi ikishaonja moto hujibana, ikawa nyembamba kuliko siku ulipoiweka, na bolti zinabaki zimelegea bila wewe kujua. Kwa dizeli hiyo ya zamani, kilomita 800 ndiyo mwisho. Umeshapitiliza.

Iache ilale ipoe kabisa. Fungua kava ya tapeti, bolti nyingine zimejificha humo. Anzia katikati ya hedi ukitoka nje, moja moja: legeza robo mzunguko, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo mpaka spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ilie. Usizilegeze zote kwa pamoja! Halafu pima tapeti tena, ule uwazi wa vali, kwa fila, kibati cha kupimia, ya 0.25 mm, maana hedi ikishuka uwazi unapungua. Pikapu ya shangazi yako usiiguse hivyo. Bolti zake hukazwa kwa nyuzi za mzunguko, zikishavutika hazirudiwi.

Usiniambie mkono wako unajua uzito. Na mimi nilisema hivyo. Ile hedi iliyopinda mlimani Kitonga, niliwaambieni utingo alisahau maji ya rejeta. Maji yalikuwepo. Nilikuwa nawahi abiria, bolti sikuzirudia. Yule kijana aliondoka bila mshahara wake, na bangili za mama yako hazikurudi kutoka dukani kwa sonara.

Kaka yako nilimpa spana, wewe nikakupa tochi ushike. Leo yeye anauza vocha na wewe ndiye fundi. Nalifikiria hilo sana.

Basi kaza hedi, Zawadi. Mlima ule ukiwa na mzigo injini inachemka hata iliyo nzima. Ukiona mapovu kwenye rejeta au oili imekuwa kama chai ya maziwa, zima hapohapo, usijikaze kufika.

Mama yako presha imeshuka, ila dawa zinaisha Jumatatu. Paa la jiko linavuja upande wa kuni, nimeweka sufuria. Ukipita Ilula tuletee nyanya, za hapa zimepanda bei.

Spana yangu ya toki nimempa kondakta wa basi la asubuhi pamoja na barua hii. Nimeifunga kwenye kanga ya mama yako. Kanga irudi, ameshaanza kuiulizia.

Baba yako