Ile "kansa ya mafuta" yenu

Mhariri,

Nimewasoma miaka 19 bila kuwaandikia, lakini habari yenu ya Jumanne kuhusu "kansa ya mafuta tumboni" imenishinda. Na ile picha ya sahani ya nyama ya kukaanga ilikuwa ya nini?

Ile ni lipoma ya utumbo mpana, yaani kinundu cha mafuta. Si kansa, wala haiji kwa kula chapati. Ikiwa ndogo, chini ya sentimita 2, na haisumbui, kwa kawaida huachwa ilivyo.

Mama yangu alitokwa damu chooni karibu mwaka mzima. Akatibiwa bawasiri, akatibiwa amiba. Majirani hapa Arua wakasema ni mafuta ya kula, basi akala vya kuchemsha tu mpaka nguo zikampwaya. Hospitali moja, sitaitaja, ikampangia kukatwa nusu ya utumbo bila hata kipimo cha kamera, na sisi tukauza ng'ombe wawili. Ni daktari mmoja wa Kampala aliyesema tuangalie kwanza. Niliona mwenyewe kwenye skrini: kinundu cha manjano, laini, kina kikonyo. Akakibonyeza kwa kikoleo kilichofumbwa, kikadidimia kama unga wa mandazi ulioumuka, alipoachia kikajaa tena. "Mama, haya ni mafuta tu," akasema. Hakukikata kwa umeme. Alitueleza kwamba mafuta hayapitishi umeme vizuri, na ukizidisha moto unaweza kutoboa ukuta wa utumbo. Akakikaba shinani kwa kitanzi cha nailoni, akakiacha kinyauke kidondoke chenyewe. Basi. Najua vingine ni vikubwa mno au vimeziba njia, hivyo kisu ni lazima. Cha mama hakikuwa hivyo!

Tena hiyo ilikuwa safari ya pili. Ya kwanza alirudishwa kwa kuwa alikunywa chai ya maziwa asubuhi ya kipimo, kumbe imekatazwa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa Kiingereza kitupu, wakati Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005. Nauli ya watu wawili, Arua hadi Kampala, kwenda na kurudi, kwa kikombe kimoja cha chai.

Chapeni masahihisho ukurasa uleule, herufi zilezile. Picha wekeni ya mandazi. Unga nitaleta mimi.

Mwuza vitenge,
Arua