Tabia ya mwanafunzi mtoro haielezwi kwa damu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa nidhamu shuleni. Wasomaji walionitangulia wamegawanyika makundi mawili: wanaoshikilia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na wanaoamini kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi ni mkufunzi wa saikolojia katika chuo cha ualimu, na mabishano hayo huyasikia pia katika ofisi za walimu ninapokwenda kuwakagua wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi mtoro akifikishwa mbele ya mwalimu wa zamu, ataambiwa kwanza kwamba hata baba yake hakumaliza darasa la saba; kisha atachapwa ili abadilike; na anapotoka mlangoni akisugua viganja, atasindikizwa na maneno kwamba maisha hayo ameyachagua mwenyewe. Kwa kikao kimoja mwalimu ametumia nadharia tatu zisizopatana: ya urithi, ya mazoea na ya hiari. Kama utoro umo katika damu, fimbo inakwenda kutibu nini? Na kama fimbo ndiyo inayoendesha tabia, hiyo hiari anayolaumiwa nayo ameipata wapi?

Mwalimu huyo hana kosa peke yake, kwa kuwa wanasaikolojia wenyewe hawajawahi kukubaliana. Francis Galton wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1869, aliwapanga majaji, wanasayansi na viongozi kwa koo zao akahitimisha kwamba vipaji hurithiwa, bila kujali sana kwamba mtoto wa jaji huzaliwa pia katika nyumba yenye vitabu na wajomba wenye vyeo. Mmarekani John Watson akavutia upande wa pili kabisa: apewe watoto wachanga kumi na wawili wenye afya, naye atamfanya yeyote kati yao awe daktari, mwanasheria au hata mwizi, asili yake iwe yoyote. Watson alikiri hapo hapo kwamba anasema zaidi ya ushahidi alionao, ila ungamo hilo halinukuliwi mara nyingi.

Ushahidi ninaouthamini zaidi katika suala hili ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 uchunguzi uliofanyika Uganda ulionyesha kwamba watoto wachanga wa huko huwahi kukaa na kutembea kuliko wenzao wa Ulaya, na wapo walioharakisha kusema kwamba hayo ni maumbile ya Waafrika. Miaka ya 1970 Charles Super akaenda kuishi na kufanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, akawakuta akina mama wakiwafundisha watoto wao kwa makusudi. Mtoto alichimbiwa kishimo kifupi ardhini, akawekwa humo na kuzungushiwa blanketi ili mgongo upate egemeo. Baadaye alishikwa na kukanyagishwa hatua. Katika kukaa na kutembea, watoto hao waliwatangulia wale wa Marekani. Katika kutambaa, ambako hakuna aliyejishughulisha kuwafundisha, hawakuwatangulia. Hata hivyo hakuna kishimo kitakachomkalisha mtoto wa mwezi mmoja, maana misuli na ubongo vina ratiba yake. Anayetaka kujua ni fungu gani la kukaa huko lililotoka kwa mama na lipi lililotoka kwa maumbile anatafuta mpaka usiokuwepo.

Suala la hiari ni gumu zaidi, tena ndilo linaloamua nani alaumiwe. Sigmund Freud alifundisha kwamba tunasukumwa na matamanio na hofu za utotoni ambazo wenyewe hatuzitambui. B. F. Skinner aliona kwamba tabia huendeshwa na matokeo yanayoifuata. Wanaochunguza ubongo na vinasaba hutafuta chanzo ndani ya mwili. Watu hawa hugombana karibu kwa kila jambo, lakini wote humpunguzia mtu mamlaka juu ya matendo yake. Carl Rogers ndiye aliyesisitiza kwamba mtu akisikilizwa pasipo kuhukumiwa anaweza kujichagulia mwelekeo. Mkabala wake ni mgumu kuupima maabara, nami sikubaliani nao katika mengi, lakini ndio unaoanza kwa kumwuliza mtoro anakokwenda.

Ajabu ni kwamba watetezi wa fimbo hudhani Skinner yuko upande wao. Mwaka 1938 aliripoti habari za panya waliokuwa wamefunzwa kubonyeza wenzo ili wapate chakula. Chakula kilipositishwa, baadhi yao walipigwa makucha kila walipobonyeza, wakapunguza. Adhabu ilipoondolewa waliendelea, na mwishowe jumla ya mibonyezo yao ikafikia ile ya wenzao ambao hawakuadhibiwa. Naye Albert Bandura, mwaka 1961, alionyesha kwamba watoto waliomtazama mtu mzima akilipiga sanamu la kujazwa upepo walilipiga vivyo hivyo walipoachwa nalo. Kanuni zetu za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi. Sijui walimu wa zamu wangapi wanaweza kuionyesha karatasi hiyo.

Vyuoni tunaendelea kuwataka wanachuo wafafanue nadharia tano za saikolojia, nao huzikariri, wakafaulu, wakaenda kufanya kama walivyofanyiwa. Napendekeza watunga mitihani wawape kisa cha mtoro mmoja: anaishi na bibi yake muuza mboga, kaka yake aliacha shule akiwa darasa la sita, naye hukosekana zaidi Jumatatu na Alhamisi, ambazo ni siku za gulio. Mwanachuo aulizwe kila mkabala ungeanza kuchunguza nini, na ni upi ungemfikisha mwalimu gulioni mapema.

Mkufunzi wa saikolojia,
Morogoro.